Mpelelezi Asiye na Cheti

Bwana Boadi aliponiona mlangoni alicheka hadi kikombe kikamtikisika mkononi. "Pokuaa! Karani wa taipureta naye kaja kupeleleza? Chuo gani kimekupa cheti?"

"Chuo cha macho yangu," nikamjibu.

Sikutania. Miaka kumi na tisa nimechapa hati za viapo chini ya mwavuli nje ya mahakama ya Kumasi, na kila hati niliisoma mara mbili. Vitabu vya sheria niliazima kwa mawakili, vingine vimeliwa na mchwa. Kalenda kuukuu nilizikusanya kwa wauza karanga, maana mawakili walikosea tarehe na matusi nikala mimi. Nikajifundisha kujua siku ya tarehe yoyote kwa hesabu ya kichwani. Hakuna aliyenilipia ada. Asiyependa na anune.

Asubuhi ile wazee wa ukoo walikutana kumnyang'anya Dufie, rafiki yangu mshonaji, ufunguo wa nyumba ya marehemu mjomba wake. Kwetu mali ya mjomba huenda kwa mtoto wa dada, na wa kiume hutangulia. Dufie alikuwa mrithi peke yake mpaka alipotokea jamaa kutoka Abidjan, Kofi Amponsah, akijiita mwana wa mama mkubwa wa Dufie aliyehamia huko na kufia huko. Alileta cheti cha kuzaliwa. Boadi, polisi mstaafu mwenye ofisi na kibao, alikodiwa kukichunguza, akasema mhuri ni halali.

Dufie alikuwa amekumbatia cherehani yake. Hakuwa na pengine pa kwenda.

"Nana," nikamwambia mkuu wa ukoo, "niruhusu nimuulize mgeni swali moja."

"Huyu hana leseni!" Boadi akaruka.

"Swali halihitaji leseni, Inspekta. Mwache aulize," alisema Nana.

Nikamgeukia jamaa. "Kaka, hilo jina Kofi ni la kurithi, au la siku uliyozaliwa, kama ilivyo desturi yetu?"

"La siku, dada. Mama alinizaa Ijumaa, jua linachwa. Alinisimulia mara mia."

"Na tarehe ya kwenye cheti ni sahihi?"

"Sahihi kabisa. Inspekta mwenyewe amekipitisha."

"Kumi na nne Machi, sabini na tisa," nikasoma kwa sauti. "Nana, hiyo ilikuwa Jumatano."

Nana akamwita mjukuu wake atazame kwenye simu. Binti akabofya, akainua macho. "Jumatano, Nana."

"Mama alisahau!" jamaa akapayuka.

Bibi mmoja akasimama, kanga yake ikamporomoka begani. "Mama gani wa Kiasante anasahau siku ya mwanawe? Mtoto wa Jumatano ni Kwaku! Toka hapa, mwizi we!"

Jamaa akatoka mbio, viatu kaviacha mlangoni. Nana akauokota ufunguo mezani, akamrudishia Dufie. Dufie akalia, na mimi nikalia naye, sioni haya kusema.

Cheti kile kilipita mikononi mwa watu wanane. Wote walitazama mhuri.

Nje, Boadi alinikamata kiwiko, sauti kaishusha. "Una kipaji, Pokuaa. Njoo ofisini kwangu nikufundishe kazi."

"Njoo wewe kwangu, chini ya mwavuli, Jumatatu saa mbili," nikamwambia. "Na ubebe daftari."