Dirisha la Geeske

Watu wa Dokkum, mji wetu mdogo huku Uholanzi, walishazoea kumwona Geeske amelala. Kitanda chake kilikuwa sebuleni, ubavu wa kushoto ukigusa dirisha la barabarani, kwa sababu ngazi za nyumba zetu zimesimama wima na mgongo ulioharibika hauzipandi. Alifanya kazi chali: mto chini ya magoti, viwiko vimetulia godoroni, ubao wa kibodi umesimama kwa miguu yake mifupi juu ya tumbo, na skrini imening'inia juu ya uso, imeinama kumtazama. Kutoka hapo alichora ramani za mifereji kwa ofisi ya maji. Sasa atokee mtu aseme huo ni uvivu! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kukaa kitako kidogo tu kulimtoa machozi; akilala, alichora mpaka jioni.

Mitambo yote ilikuwa kazi ya mumewe, Rindert, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe. Ofisi ilimtuma mtaalamu, akapima viwiko, akapima shingo, akasema vizuri sana, akanywa kahawa akaenda zake. Rindert ndiye aliyejilaza mwenyewe pale kitandani Jumapili nzima, analala, anaamka, anarekebisha, mpaka shingo yake ikaacha kulalamika. Ila mkono wa chuma unaoshika skrini aliufunga ukutani, si kitandani.

"Kitanda kinapanda na kushuka, ukuta hauendi popote," alimwambia mkewe. "Kwa hiyo kabla hujakipandisha, sukuma skrini pembeni. Umenisikia, kichwa ngumu wewe?"

"Nimekusikia, bwana mkubwa. Mwaka mzima wimbo ni huo huo!"

Pazia lilikuwa wazi, kama la kila nyumba mtaani. Marehemu mama mkwe wa Geeske alipenda kusema kwamba mwenye kufunga pazia mchana ama ana maiti ndani ama ana siri. Watu husema macho hayana pazia. Kwetu ni kinyume chake: madirisha ndiyo hayana, macho yanalo. Unapita, ukipungiwa mkono unapunga, unaendelea na safari yako. Kuchungulia ya watu ni utovu wa adabu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa nne daktari wa kazini na mkubwa wa Geeske wangempigia kwenye kompyuta, wamwone kwa macho yao, waamue kama mtu aliyelala anaweza kuifanya kazi ile. Miaka miwili ya ugonjwa, ambayo sheria humtaka mwajiri avumilie, ilikuwa imetimia, na nafasi ya kusikilizwa ilikuwa hiyo moja. Wakiridhika, kazi ni yake. Asipopokea, mkataba unaishia hapo. Na bila ramani zake Geeske angekuwa nani? Angekuwa mtu wa kulala tu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Watakupenda," Rindert alimwambia akivaa buti zake. "Nani asiyekupenda, na ulimi huo?"

"Nenda huko, ng'ombe wanakungoja. Angalau wao wanakuelewa."

Alipobaki peke yake akachana nywele, akajitazama kwenye kamera, akaona uso umeingia giza. Akiinuliwa kidogo, alifikiri, mwanga wa dirisha utampata vizuri. Saa nne ilikuwa inakaribia, na haraka haina baraka: akabonyeza rimoti ya kitanda kabla ya kusukuma skrini.

Kitufe kile kilikuwa kinanata tangu kilipomwagikiwa kahawa ya sukari. Kikazama, kikagoma kurudi. Kitanda kikapanda naye. Skrini, iliyofungwa ukutani, ikabaki palepale. Ukingo wake ukaukandamiza ubao, ubao ukamshukia kifuani, mkono wa kulia ukanaswa chini yake. Rimoti ikamponyoka, ikaanguka upande wa pili. Mota ikanguruma, ikakwama, ikanyamaza.

"Mungu wangu," alisema Geeske, na sauti ikaishia palepale kifuani.

Alivuta mkono, haukutoka. Alijaribu kujipindua, mgongo ukamchoma hadi akaona nyota. Simu ya mkononi ilikuwa jikoni inachajiwa. Kilichobaki huru ni mkono wa kushoto, ule wa upande wa dirisha, vidole vikigusa upindo wa pazia. Akauinua akaupunga.

Jirani yake wa ng'ambo, bibi mmoja aitwaye Trijn, alikuwa anaosha kioo chake kama kila Alhamisi. Akamwona. Akainua sifongo, akapunga naye, akatabasamu. Geeske akapunga kwa nguvu zaidi, akagonga kioo kwa vifundo vya vidole. Kioo ni cha tabaka mbili na nje upepo unavuma, nani asikie? Trijn akapunga tena, kisha akageuka kwa adabu zake akaosha upande mwingine.

Akapita mleta barua, akapunga. Akapita mama mwenye mbwa, akamshika mbwa mguu, naye mbwa akapunga. Basi kilio kikamkaba Geeske, na kifua kilichobanwa hakina nafasi ya kilio.

Halafu akatokea Wubbo na baiskeli yake. Huyu walikaa naye chumba kimoja ofisini zamani. Alikuwa anakwenda kupima maji ya mfereji. Wubbo ananijua, Geeske alijiambia, Wubbo ataelewa. Akapunga mpaka bega likauma. Wubbo akaachia usukani mkono mmoja, akanyoosha dole gumba juu, akapiga kengele mara mbili, akapotelea kwenye kona.

Skrini ikaanza kuita. Ilikuwa karibu na pua yake kiasi kwamba kitufe cha kupokea kilionekana doa la kijani tu, kubwa, linapepesa. Kipanya kilikuwa chini ya ubao, chini ya mkono wake mwenyewe. Alijaribu kwa kidevu. Alijaribu kwa ulimi, mtu mzima na akili zake. Simu ikaita ikakata, ikaita tena ikakata. Kisha kimya.

Mchana Rindert aliporudi kula mkate alitupa kofia chini, akairukia rimoti, akamnasua. Hakumkaripia. Alimfuta uso, akampigia mkubwa wa ofisi, akaweka simu wasikie wote.

"Pole sana," alisema mkubwa, "lakini daktari ameshafunga shauri. Tulipomkosa tuliingiwa na hofu, tukamuuliza Wubbo kwa simu. Akasema, 'Msiwe na wasiwasi, nimepita pale sasa hivi, mzima kabisa, ananipungia kwa furaha.'"

"Alikuwa amebanwa, bwana! Alikuwa anaomba msaada!"

"Bwana Rindert, na dirisha lote lile? Angekuwa kwenye shida mtaa mzima ungeona."

Rindert akatukana tusi ambalo sitaliandika, simu ikakatika. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake ya ufundi imelala mapajani, haina cha kufungua wala kukaza.

"Funga pazia," alisema Geeske.

"Mchana huu? Watu watasema..."

"Waseme! Wameniangalia vya kutosha."

Rindert hakuinuka. Basi Geeske akashika upindo kwa mkono wa kushoto, akavuta mwenyewe. Pazia likateleza kwenye reli yake bila shida yoyote, sebule ikaingia giza.

Rindert hajamaliza hata kumimina kahawa, kengele ya mlango ikalia. Ikalia tena, na mtu akapiga mlango kwa kiganja. Trijn aliingia na ndala zake, povu mpaka viwikoni, anahema. Nyuma yake mama wa mbwa. Nyuma yao Wubbo, aliyekuwa anarudi kutoka mferejini, baiskeli ameitupa katikati ya njia.

"Nani amekufa?" Trijn aliuliza, machozi tayari. "Rindert, sema! Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Rindert, akawaeleza yote.

Wubbo akavua kofia. "Lakini ulinipungia," alisema. "Nikadhani unanisalimia."

"Jamani, jirani!" Trijn akalia, akimshika Geeske mguu juu ya blanketi. "Ungefunga pazia tu! Ungelifunga tu, tungekuja kukimbia!"

Geeske akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado umeshika upindo wa pazia, uleule uliokuwa karibu na vidole vyake asubuhi nzima.