Kichwa Kilichokaa Juu

Nyuma ya pazia la kijani tumbo la Mwanaharusi lilikuwa wazi, na mwenyewe yu macho. Sindano ya mgongo ilikuwa imemtia ganzi kuanzia kifuani kushuka. Miguu aliiona kama ya mtu mwingine. Maumivu hakuna. Alihisi kuvutwa tu.

Operesheni yenyewe ilikuwa ya kupangwa. Mtoto wa kwanza alimfia tumboni kwao Salale, wakingoja maji yajae boti itoke. Safari hii akaambiwa aje hospitali ya Kibiti mapema, asisubiri uchungu. Akaja. Kila alichoambiwa alikifanya.

"Kichwa kiko juu sana," alisema Daktari Kheri, mkono wake umezama ndani. "Kila nikikikamata kinateleza. Nipe kikombe cha kuvutia kichwa."

Muuguzi Swaumu hakusogea. "Kimefungiwa kabatini, daktari. Wanasubiriwa wafadhili waje wakione."

"Na ufunguo?"

"Anao matroni. Yuko semina, Dar."

Jamani. Kikombe kipya kabisa, kimefichwa kisichakae kabla waliokitoa hawajapiga nacho picha! Na siku ya operesheni ilijulikana na kila mtu, hadi mfagizi.

"Basi sukuma huko juu."

Swaumu alipanda kistuli, akalilalia tumbo kwa mikono miwili. Pumzi za Mwanaharusi zikakatika.

"Tena," alisema daktari. Akaongeza mkato, akaingiza mkono upya. "Tena. Usiachie."

Mwanaharusi alihesabu mbavu zake zikibanwa, akashangaa kwamba haogopi. Alitaka kuogopa. Alijua mama mwenye akili angeogopa, lakini hofu nayo ilikuwa imekufa ganzi.

Kitu kikachomoka. Tumbo likawa jepesi. Akasikia miguu ikikimbilia meza ya ukutani, kisha pampu ya kupulizia hewa, fu, fu, fu.

Swaumu alimjia kichwani, jasho linamtiririka. "Mtoto wa kike, mama."

"Mbona halii?"

"Wanamhudumia." Alimfuta paji la uso, hakumtazama machoni. "Mshukuru daktari, bibi. Kahangaika sana."

Mwanaharusi aligeuza uso kwenye pazia. "Ahsante, daktari."

"Karibu," alijibu Kheri, anashona. Kule ukutani pampu ilikuwa imenyamaza, na mtoto hajalia. "Na mimba nyingine uwahi hivihivi, mama. Umefanya vizuri kuwahi."

"Sawa," alisema Mwanaharusi.