Miwani ya Mama Poni

Katika darasa letu la jioni hapa Koboko, mimi ndiye mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo. Mwaka 1980 vita vilinikuta zimebaki wiki mbili nifanye mtihani wa darasa la saba. Tukakimbilia Sudan. Nilirudi na mke na watoto wawili, bila cheti. Sasa nina miaka sitini na mitatu, na cheti hicho bado nakitaka.

Jirani yangu wa benchi ni Mama Poni, muuza simsim, aliyekimbia vita vya kwao Sudan Kusini.

"Mzee Taban, miwani yako iko wapi?"

"Iko Arua, kwa fundi."

"Tangu mwezi wa pili? Huyo fundi anatengeneza miwani ao ndege?"

Darasa likacheka. Ukweli ni kwamba niliikalia mwenyewe, ikapasuka, nikaona aibu kusema. Tangu siku hiyo Mama Poni akawa anasoma kwa sauti, eti anafanya mazoezi, nami najibu kwa kusikia. Tulisoma hivyo miezi saba.

Lakini katika mtihani hakuna anayesomewa. Daktari wa macho wa Arua alikuwa amenipangia siku ya baada ya mtihani. Jumatano nikamwambia Mama Poni kwamba kwenye mtihani sitakuja, nina safari ya kijijini Aroi.

"Safari gani?"

Nikashindwa kudanganya tena. Nikamweleza yote, hata kuikalia.

Hakucheka. "Mwaka ule mlipokuja kwetu, mama yangu alikuwa na sufuria moja na wageni. Asubuhi wanapika wao, jioni tunapika sisi. Wewe kuja tu."

Siku ya mtihani alizungumza na msimamizi mlangoni, kisha tukakalishwa mbalimbali. Saa nzima nilikaa mikono mezani, karatasi mbele yangu ni ukungu mtupu. Ndipo Mama Poni akavua miwani yake, akanyoosha mkono, na msimamizi akaniletea: nyekundu, yenye kamba ya shanga. Vijana wawili wakaguna. Nikaivaa. Ilikuwa bado na joto la uso wake, na herufi zikasimama.

Niliandika bila kuinua kichwa. Zilipobaki dakika ishirini, nikiwa bado na maswali sita, niliishusha miwani puani nimtazame. Ameshika kalamu juu ya ukurasa mweupe. Insha hajaianza.

Nikanyoosha mkono.

"Umemaliza, mzee?" msimamizi akanong'ona.

"Hapana. Mpelekee."

Nje, Mama Poni aliifuta kwa ncha ya kitenge. "Umeijaza jasho."

Kijana mmoja akadakia, "Mzee, na yako? Bado iko kwa fundi?"

"Hakuna fundi," nikasema kwa sauti, darasa zima lisikie. "Niliikalia."

Wakacheka hadi kushikana mabega. Mama Poni ndiye aliyecheka zaidi, akaniegemea, nami nikamshika asianguke.