Majina Aliyoyataja Ndila

Mzee Masila alifika uwanjani Machakos saa nane mchana, amevaa koti lake la harusi, akakaa mstari wa mbele bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa na haja moja tu: kumsikia Ndila akitaja jina lake. Huyu Ndila ambaye leo nyimbo zake hazikauki redioni, ni Masila aliyemtoa kwenye kwaya ya kanisa miaka thelathini iliyopita, akamkabidhi maikrofoni ya bendi yake.

Ziara ya kwanza ilikuwa ya masoko matatu: Mlolongo, Katangi na Ndithini. Desturi ya bendi ilikuwa kuwasifu wakubwa wa mahali katikati ya wimbo, na aliyetajwa husimama akainua mkono. Masila alimwandikia Ndila majina kwenye karatasi: chifu, diwani, wenye maduka. Msichana akaisahau karatasi Mlolongo. Huko Katangi, wimbo umekolea, akataja majina pekee aliyoyajua, ya kina Kamanthe na Mwelu, akina mama waliowapikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, asubuhi ile. Chifu alinuna. Lakini wale mama, ambao hata siku ya harusi zao hawakuimbwa vile, walisimama mmoja mmoja, mikono ina masizi, na soko zima likapiga vigelegele.

Masila, kwa ule ukaidi wake, aliapa kumrudisha msichana kwao. Mkewe Wayua, mpishi wa bendi, akaweka mwiko chini.

"Ukimrudisha huyu, na mimi nirudishe kwetu."

Masila akakiacha kiapo chake. Ndithini walikuta akina mama wamejaa tangu alfajiri, kila mmoja anataka kutajwa, na kuanzia hapo jina la Ndila likatembea lenyewe.

Hadithi hii Masila ameisimulia mara nyingi, ila kile kipande cha Wayua hukiruka. Alikiruka hata nyakati ambazo Wayua mwenyewe alikuwa ameketi kando yake anamsikiliza.

Sasa, jukwaani Machakos, Ndila, mvi zimeanza kumtoka, alikuwa akitaja wauza mboga na wafagiaji wa uwanja. Mkono wa Masila ulikuwa tayari. Wimbo ukashuka.

"Na Wayua wa Masila. Mama, bila wewe ningekuwa wapi? Simama nikuone."

Wayua alizikwa mwezi wa nne, na habari hazikumfikia Ndila. Watu walikuwa wakigeuka huku na huku kumtafuta. Masila aliona aibu, na mapenzi ya zamani yakamrudia. Akasimama kwa niaba ya mkewe, akainua mkono.