Pipa la Tatu

Mwanamke yule hakutaka kuliachia boksi. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, mtoto mgongoni, boksi mapajani, viganja vyote viwili juu ya kifuniko. Tangu aingie alikuwa hajaonja chai aliyowekewa.

"Mama, weye njo banaitaka Mama Treni?" aliuliza, akilitaja jina la utani la mwenye nyumba.

"Ni miye," alijibu Emerance. "Jina yako nani? Unatoka wapi?"

"Nadège. Natoka upande ya Bogoro."

"Na hiyo boksi, ilitoka wapi?"

"Onyesha kwanza zako, mama. Kisha na miye nitafungua."

Emerance aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Sketi ya bluu ya mwanafunzi ilibaki chini ya sindano, pindo halijamalizika. Alikuwa mshonaji wa unifomu za shule hapo mtaani Saio, mtu asiye na makuu, isipokuwa wazimu mmoja ambao mji mzima wa Bunia uliujua: alikusanya treni za kuchezea, zile za zamani, za bati. Bunia haina reli, na watoto wake wengi treni wameiona kwenye simu tu. Basi watu walicheka wee, na wauza vitu chakavu wakawa wanamwitia kila kitu chenye magurudumu. Waliojua kwamba alitaka treni moja tu, si nyingine, walikuwa wachache sana.

Treni hiyo iliachwa katika mji mdogo wa Fataki na Mzungu mmoja mwenye duka alipofungasha virago vyake wakati wa uhuru. Baba yake Emerance, wakati huo kijana wa bustani, ndiye aliyeachiwa: injini na mabehewa yake, kila kimoja ndani ya boksi jekundu la kadibodi, kimeviringishwa karatasi laini, pamoja na vikorokoro vyake vyote. Behewa moja lilikuwa na taa ndogo, jingine na magogo, jingine na mapipa. Ilitolewa Noeli tu. Kabla ya kulala, kila kitu kilirudishwa kwenye karatasi yake, na baba alikagua mwenyewe kama askari wa forodha. Kona za maboksi zilipochanika, alizishona kwa uzi wa gunia.

Kisha vita vikaja. Kwao ilikuwa desturi, siku ya kukimbia, kuwagawia watoto mizigo, ili akipotea mmoja visipotee vyote. Huyu sufuria, yule chumvi, yule blanketi. Baba, Mungu amrehemu yeye na ukaidi wake, alimwongezea kila mtoto boksi moja. Emerance alipewa injini. Constant alipewa behewa la taa, Suzanne la magogo. Bruno, kitinda mimba, alipewa behewa la mapipa matatu, akalikumbatia kifuani kama kifaranga.

Constant alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, boksi kwapani, na ile taa ndogo haikuwa imevunjika. Behewa la Suzanne lilirudi peke yake. Emerance alilikuta sokoni kwenye rundo la vyuma, bila boksi, bila karatasi, bila gogo hata moja, tope limekaukia magurudumuni. Hakuna aliyehitaji kumwambia lolote. Alilia pale pale mbele za watu, akalinunua, akaenda nalo nyumbani. Tangu siku ile alijua kwamba mporaji hutupa boksi.

Na sasa boksi la Bruno lilikuwa mapajani mwa mgeni, kona zake zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Alitaka kuamini. Lakini akajikumbusha ujinga wake mwenyewe: miaka yote hii alikuwa akitangaza sokoni kwamba behewa lenye boksi yeye hulilipia zaidi. Hata mporaji sasa angejua kulitunza.

Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akapanga treni yake kwenye ubao wa cherehani. Injini na boksi lake. Behewa la Constant na boksi lake. Mwisho akaweka lile la Suzanne, tupu.

Uso wa Nadège ukabadilika.

"Hii, boksi yake iko wapi?"

"Haikurudia."

"Na mwenye yake?"

"Naye hakurudia."

"Nani alikuuzishia?"

"Mutu wa soko. Sikumujua."

Nadège alisimama ghafla hata mtoto akashtuka. Tayari alikuwa amegeukia mlango. "Bwana yangu aliniambia. Kama zote ziko na maboksi yao, ikala chini, sema na ule mama. Kama kuna moja iko uchi, kimbia. Huyo ananunuaka vitu ya bafu."

Vitu vya wafu. Emerance alihisi kana kwamba amezabwa kofi. Kumbe walikuwa wawili waliokuwa wakiogopana chumbani humo, na hofu yao ilikuwa ileile. Alitaka kupiga kelele kwamba Suzanne alikuwa mdogo wake, kwamba alimfundisha kutembea. Lakini nani angemwamini? Mporaji naye huwa na mdogo wake wa kumlilia.

"Ngoja," alisema, sauti ikimtetemeka. "Usinipe kitu. Niambie tu, mu boksi mapipa iko ngapi?"

"Tatu."

"Si mbili?"

"Tatu, mama. Niko na macho."

Emerance akaketi. Mapipa yalipaswa kuwa mawili. Siku ile, kwenye njia ya kutoka Fataki, boksi la Bruno lilifunguka akikimbia, na pipa moja likadondoka. Emerance aliinama kuliokota. Alipoinua kichwa, vichaka vilikuwa vimemfunika mtoto, na risasi zilikuwa zikilia upande ule. Alimwita mpaka baba akamziba mdomo. Kama mapipa yalikuwa matatu, boksi hili lilikuwa la treni nyingine, la kaka wa mtu mwingine, na yeye alikuwa amejidanganya kwa sababu ya uzi wa gunia.

"Fungua tu nione," alisema. "Nakuomba. Kisha utaenda."

Nadège alimtazama kwa muda. Labda ni ile sauti iliyomgusa. Hakurudi kuketi, ila alifungua kifuniko, akaifunua karatasi laini iliyochakaa mpaka ikawa kama kitambaa.

Mapipa mawili yalikuwa ya bati, na rangi yake ya kijani ilikuwa imebanduka kidogo. La tatu lilikuwa la mti. Lilichongwa kwa kisu, likachomwa motoni hadi likawa jeusi, na pete zake zilikwaruzwa kwa kitu cha ncha, msumari pengine. Lilikuwa limepinda kidogo. Mchongaji hakuwa fundi.

"Hii haikutoka Poto, kwa Bazungu," Emerance alinong'ona.

"Bwana yangu njo aliichonga. Kule ngambo ya ziwa, mu kambi, wakati alikuwa angali mutoto. Anasema ya kwake ilianguka mu njia." Nadège akasita. "Anasema yaya yake, dada yake mukubwa, aliinama kuokota. Kisha hakumuona tena."

Emerance alishika pembe ya kitenge chake, pale wanawake wengine wanapofungia pesa, akahangaika na fundo. Lilikuwa limekaza. Mshonaji wa miaka yote hiyo alishindwa kufungua fundo lake mwenyewe, akatumia meno. Pipa la bati likaanguka juu ya ubao, likabingirika, likasimama kwenye gurudumu la injini. Lilikuwa la kijani, na limeng'aa kwa kushikwashikwa.

Nadège aliliangalia. Kisha polepole akaketi, akashika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akanywa chote.

"Yaya," alisema.

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Anachunga ng'ombe za batu. Aliogopa kuja kukuta si weye."

Hapo ndipo Emerance alipolia, kwa sauti, bila kujificha, na mtoto wa mgongoni akamtumbulia macho.

Alipotulia, alilitoa pipa la mti na mahali pake akaweka lile la bati. Akaviringisha karatasi, akafunga kifuniko, akalisukuma boksi kuelekea kwa Nadège.

"Haitabaki na zingine?"

"Mupelekee. Ataona mwenyewe, atajua. Aje nayo."

Nadège alipoondoka, mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati. Emerance alilipandisha pipa jeusi juu ya behewa la Suzanne, lililokuwa limekaa tupu muda wote huo. Halafu akarudi kwenye sketi ya bluu, akakanyaga pedali. Ubao ukatikisika, na behewa likaanza kusogea, kidogo kidogo, na mzigo wake, likielekea upande wa mlango ulioachwa wazi.