Kilometa za Mama Boke

Jumanne saa tatu asubuhi Boke alisimama mbele ya duka la pikipiki pale Bunda, akavua khanga begani na kuanza kupima viti. Nyumbani Butiama alikuwa amejipima kutoka kisigino mpaka mwanzo wa paja, akafunga fundo. Pikipiki yenye kiti kilichopita fundo aliiacha. Isiyopita aliishika usukani, akaisukuma hatua kumi mbele na kumi nyuma, halafu akaomba ruhusa ya kuilaza chini na kuinyanyua mwenyewe. Mwenye duka alitaka kujua kwa nini alaze chombo kipya kwenye vumbi. Boke akamwambia kwamba anayejifunza huanguka, na kule anakokwenda yeye ikianguka hakuna wa kumwita.

Mwenye duka akaona ana akili, akamwachia. Ya tatu ilinyanyuka vizuri. Boke akapanda, nyayo zote mbili zikafika chini, mikono ikaenda kwenye klachi na breki bila kutafuta. Hapo ndipo mita ilipoanza kutembea. Injini ilikuwa imezimwa na ufunguo ulikuwa mezani, lakini namba zilizunguka kwenye vidirisha vyake kama mahindi kwenye chekeche, zikasimama kwenye sabini na moja elfu, mia mbili na sita.

Mwenye duka aliinama, akafuta kioo kwa kidole.

"Dada, umebeba sana," akasema. "Ungekuwa chombo ningekwambia ubadilishe cheni na tairi zote mbili."

Akamweleza bila haraka kwamba mita za siku hizi zinasoma na za mwendeshaji, lakini zinahesabu zile alizotembea na mzigo tu. Za mikono mitupu hazihesabu. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Guta, mita ikasoma themanini na nane elfu. Muuza samaki wa Kibara ndiyo usiseme. Wanaume huwaga hawapiti mia tano, isipokuwa wale wa machimboni. Boke aliposhuka namba zikarudi nyuma taratibu mpaka sifuri.

Boke alichuchumaa kivulini akapiga hesabu kwa kijiti. Maji tangu ana miaka sita. Kuni. Mahindi ya kusaga. Wadogo zake wawili mgongoni. Na miaka sita hii ya mwisho, dumu la maziwa la lita ishirini kichwani kila siku ya Mungu, kutoka vitongoji vinne mpaka kwenye tangi la kupozea. Hesabu yake ilipungua kidogo, kama kilometa kumi na nane hivi, akakumbuka jiwe la kusagia alilolibeba kumpelekea shangazi yake alipoolewa. Mita haikuwa na kosa.

Shida ilikuwa kwingine. Pikipiki aliyokuwa anaitafuta ilikuwa ya mradi, na mradi ulikuwa wa akina mama wa chama cha maziwa. Walimchagua Boke kuwa mwendeshaji kwa sababu hamwagi, na kwa sababu habari za nyumba hii hazipeleki nyumba ile. Wiki mbili alijifunza kwenye uwanja wa shule kwa pikipiki ya jirani, ambayo mita yake ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo hakuna aliyejua. Sasa masharti ya mradi yalitaka chombo kiwe kipya, na ushahidi wa upya ni picha: mwendeshaji amekaa juu ya pikipiki, mikono kwenye usukani, mita inaonekana, na isizidi kilometa kumi. Afisa wa mradi angepiga picha hiyo Ijumaa saa kumi jioni, kwenye duka la pikipiki la Musoma.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Stanislausi. Alikuwa mwanaume, maana katiba ya chama ilitaka mwenyekiti awe mtu mwenye nafasi, na akina mama wote walikuwa na kazi. Boke alipomweleza habari ya Bunda, mzee alimsikiliza vizuri, akasema ni kweli, mita ni mita. Kama mpaka Ijumaa hajapatikana mama wa kupigwa picha, basi angekaa Yusto, mtoto wa kaka yake, ambaye alishajaribu na akasoma sita. Kwa masharti ya mradi, anayepigwa picha ndiye mwendeshaji.

Boke hakubisha. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Lakini maziwa ya kitongoji cha nne yalikuwa yakichacha njiani kila siku ya jua kali, yakifika yanakataliwa na kumwagwa, na ng'ombe wa kitongoji hicho ni wa wajane. Tena shingo yake ilikuwa imeanza kulia kama bawaba anapogeuka kushoto. Yusto alikuwa ameshasema kwamba yeye kitongoji cha nne hafiki, barabara yake inaharibu chombo.

Ijumaa asubuhi mama yake, Anastazia, alivaa gauni la kanisani akasema anakwenda naye.

"Ng'ombe wa kwanza na pikipiki ya kwanza hazichaguliwi na macho mawili," akasema.

Kule Musoma duka lilikuwa la kijana anayeitwa Bernado, mnene, mpole, mwenye chupa ya chai mezani. Anastazia alizunguka pikipiki moja moja kama anatazama mitamba mnadani. Alipapasa tangi kwa kiganja, akainama kuangalia chini, akashika matairi kwa kucha, akanusa. Kubwa ya bluu aliipita bila neno. Nyingine akasema ina kiherehere, itamrusha mtu asiyeizoea. Mwishoni akasimama mbele ya nyekundu moja ndogo ya cc mia na kumi.

"Hii ina shingo fupi," akamwambia binti yake. "Itakutii. Ukiizoea utatafuta kubwa."

Boke akaipima kwa fundo, akailaza, akainyanyua. Akapanda. Mita ikaenda sabini na moja elfu, mia mbili na thelathini. Boke akasema Jumanne kule Bunda ilikuwa mia mbili na sita. Bernado akahesabu kwa vidole, akauliza kama tangu siku hiyo amebeba kilometa ishirini na nne. Boke akasema ndiyo, Jumatano na Alhamisi alipeleka maziwa. Bernado akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kibiashara, akajimiminia chai.

Boke hakushuka. Aliendelea kuitazama ile mita, na alichokitazama sasa hakikuwa namba. Alikuwa anahesabu vidirisha. Vilikuwa vitano.

"Kaka Bernado," akasema, "ikifika tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa, ikaongeza moja, inaandika wapi?"

"Haina pa kuandikia. Inarudi sifuri. Inakuwa kama haijawahi kwenda popote."

Boke akamgeukia mama yake. Anastazia alikuwa na miaka sitini na tatu, na hakuwahi kukaa juu ya pikipiki isipokuwa kwa upande, nyuma, siku alipopelekwa kujifungua mtoto wa mwisho. Alivua viatu, akakunja gauni la kanisani, akapanda.

Ilichukua muda. Namba zilikimbia, zikapunguza, zikakimbia tena. Bernado alimaliza chai, akahudumia mteja wa plagi, akarudi, bado zinakwenda. Karibu na thelathini elfu kulikuwa na mwendo wa polepole kidogo, na Anastazia akasema hapo labda ni Boke, alikuwa mtoto mzito na hakupenda kushuka mgongoni. Mita ikafika mwisho, ikapita sifuri bila kusimama, ikaanza mzunguko wa pili. Ikasimama kwenye tisini na tisa elfu, mia tisa themanini na nane.

Wote watatu waliitazama.

"Bado kumi na mbili," akasema Bernado.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo. Boke akamwambia mama yake waache, jua ni kali, goti lake halijapona, Yusto atakaa na maisha yataendelea kama yalivyokuwa. Anastazia alikuwa ameshavaa viatu. Alisema jambo moja tu, kwamba hatembei na mzigo wa bure. Kama ni lazima abebe, abebe kitu kinachohitajika mahali.

Wakashuka Mwigobero, ufukweni. Pale alikuwepo mwanamke mwenye gunia la dagaa la kupelekwa Bweri kwa dada yake. Anastazia akasokota khanga, akaweka ngata kichwani, akapandishiwa gunia. Boke alitembea pembeni mikono mitupu, maana angemsaidia hata kidogo zisingehesabiwa.  Anastazia aliuliza kama pikipiki inalala nje au ndani. Boke akasema ndani. Mbele kidogo akauliza kama inaogopa mbuzi. Kule Bweri wakapewa kapu la viazi vitamu walirudishe Mwigobero kama shukrani, na goti likaanza kuvimba walipofika nusu ya njia ya kurudi.

Saa tisa na robo Anastazia alipanda tena pikipiki nyekundu. Tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na nane.

"Mbili," akasema Bernado, safari hii kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Akatazama dukani mwake, akaona katoni ya vipuri iliyotakiwa kwenda stoo. Stoo ilikuwa kilometa moja. Anastazia akaipeleka kichwani, na kule stoo akapewa katoni nyingine ya kurudi nayo.

Afisa wa mradi alifika saa kumi kamili, pamoja na Mzee Stanislausi na Yusto, ambaye alikuwa amevaa jaketi la ngozi na kutoa jasho. Walimkuta Anastazia amekaa juu ya pikipiki, nyayo zote mbili chini, mikono kwenye usukani, mita mbele yake inasoma sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Afisa akasema hii ndiyo picha aliyokuwa anaitafuta mkoa mzima. Akapiga mbili. Mzee Stanislausi alimtazama Boke kidogo, akatazama mita, akasema chama kimepata mwendeshaji. Yusto akavua jaketi.

Fomu haikuwa na nafasi ya umri. Jina la mwendeshaji likaandikwa Anastazia, na Boke akaandikwa msaidizi wa mwendeshaji, ambaye ndiye atakayeendesha. Afisa alikuwa mwepesi, alijaza huku amesimama. Ukurasa wa pili uliuliza uzoefu wa mwendeshaji katika kubeba mizigo. Afisa akainama, akasoma mita, akaandika.

"Ameandika nini hapo?" akauliza Anastazia.

Boke alisoma juu ya bega la afisa. "Ameandika huna uzoefu, mama. Hujawahi kubeba kitu."

Anastazia alikuwa anajikanda goti. 

"Muulize kama jina langu ameliandika sawa."

Jina lilikuwa sawa. Afisa akaeleza kwamba kwa kuwa mwendeshaji hana uzoefu, kwa utaratibu atahitaji mafunzo ya siku mbili ya ubebaji salama wa mizigo. Akauliza nani pale kijijini anaweza kufundisha. Mzee Stanislausi akamtaja Yusto, kwa sababu amefika kidato cha nne na yuko hapohapo.

Bernado aliileta pikipiki Butiama kwa pikapu siku ya Jumapili, goti likiwa bado limemkalisha Anastazia kitini, akaishusha mwenyewe, hakutaka soda.

Jumatatu saa mbili asubuhi Anastazia alikaa kwenye benchi kando ya ukuta wa shule pamoja na wengine wanne ambao mita zao zilikuwa hazijulikani, na Yusto akasoma kwenye kijitabu namna ya kunyanyua dumu. Piga magoti. Mgongo uwe wima. Mzigo uwe karibu na mwili. Akaonyesha kwa dumu tupu. Akasema shingo isigeuzwe ghafla. Anastazia alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza tangazo la ndoa ya watu asiowajua. Alipoulizwa kama ana swali, akauliza kama wanaweza kutoka mapema, maana nyumbani hakuna maji. Yusto akageuza kurasa akamkumbusha kwamba masharti hayaruhusu pikipiki ya mradi kubeba maji, wala kuni. Ni maziwa tu.

"Sijakuomba pikipiki, mwanangu," akasema Anastazia, akamrudishia dumu lake, kwa magoti, mgongo wima, kama alivyofundishwa.

Siku hiyo Boke alizunguka vitongoji vyote vinne. Alianguka mara moja, kwenye kona yenye kokoto, akainyanyua mwenyewe. Maziwa ya wajane yalifika kwenye tangi saa tatu yakiwa bado na povu la moto, yakapokelewa yote, na shingo ya Boke haikulia. Aliporudi nyumbani aliifuta pikipiki kwa kitambaa, akaiingiza ndani, akaisimamisha karibu na kitanda cha mama yake, mbali na mbuzi.

Anastazia alikuwa ameshakwenda kisimani mara mbili. Alipanda kiti cha pikipiki kwa udadisi, akamwambia Boke amsomee. Ilisoma thelathini na nne. Ishirini na nane zilikuwa za magurudumu, za vitongoji vinne. Boke akazitoa, akamwambia mama yake kwamba zake ni sita.

Anastazia akaitazama mita muda kidogo, jinsi mtu anavyomtazama ndama wa siku moja aliyesimama kwa mara ya kwanza.

"Imeanza kukua," akasema. Akashuka, akachukua dumu la tatu, akaenda.