Vidonge vya Bi Time

Jumamosi asubuhi, begi langu likiwa wazi kitandani, mlango uligongwa. Nje alisimama mama mtu mzima nisiyemjua, koti zito juu ya baibui, kichupa kitupu cha dawa mkononi.

"Wewe ndiye Hayat, mtoto wa Wete?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mtaa mzima wa Kilburn nimekuulizia; nimeambiwa wewe ndiye mwenye kuandika kumbukumbu. Mie Time, nimo kwenye majaribio yenu ya dawa ya mafua."

Nilimkaribisha ndani. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za majaribio hayo: tunatafuta kujua kama dawa ya kolesteroli, ile ya zamani na ya bei rahisi, inaweza kuwasaidia pia wagonjwa wa mafua makali. Wagonjwa nawajua kwa namba tu. Namba iliyoandikwa kwenye kichupa cha Bi Time ilikuwa ya mwisho. Siku zake kumi na nne zilikwisha jana, hesabu ya wagonjwa ikatimia, nami nikapewa ruhusa ya kwenda Pemba Jumatano. Miaka minne niko huku ughaibuni, sijamwona mama.

"Vidonge sikuvimeza peke yangu," alisema. "Sudha wa mlango wa pili naye alishikwa na homa. Ikawa leo yeye, kesho mie."

"Bi Time! Dawa ya utafiti unaigawa kama sahani ya futari?"

"Sasa nimeze mie, na yeye namsikia ukutani anaugua? Mtu gani huyo?"

"Na sasa hali yake?"

"Mzima. Jana kanigombeza, eti redio yangu ina kelele." Kisha akainamisha kichwa. "Muuguzi nilimwambia nimemaliza vyote. Niliona haya. Niandikie kweli, mwanangu. Dada yangu kafa kwa mafua; sitaki mtu apewe dawa kwa uongo wangu. Niahidi."

Hakujua alichokuwa akiniomba. Kama ningeandika kweli, yeye asingehesabiwa; angetafutwa mgonjwa mwingine, wiki mbili nyingine za dawa, na ruhusa yangu ingefutwa. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Naahidi," nilisema.

Alipoondoka nilimpigia mama, nikitumaini sauti yake itanipa nguvu. Alikuwa anacheka. Godoro langu, alisema, liko juani tangu asubuhi, lipate joto. Sikuweza kumwambia.

Nilikata simu, nikafungua kompyuta. Vidonge saba kati ya kumi na vinne vilimezwa na jirani, niliandika. Tafadhali daktari amwangalie naye pia. Nikasoma mara moja tu, nikatuma.